Wimbo Wangu Hauna Gitaa la Solo

Bendi ninayoimbia inajulikana kuliko mimi, na sina ugomvi na hilo. Shuka kwenye boti kijiji chochote cha kaskazini mwa Kibirizi, sema umekuja na bendi ile, utapewa kiti kabla hujaulizwa jina. Wimbo uliopigwa kwenye harusi ya wazazi wangu ndio huohuo ninaouimba mimi sasa, nimesimama kushoto kwa kiongozi, kwenye sauti ya pili. Watu wa Ujiji hunionyeshea kidole: "Yule wa bendi." Hawakosei. Ninachokikataa ni kineno ambacho hawakitamki ila kipo pale mwishoni: tu. Yule wa bendi tu.

Nilijiunga nayo baada ya chuo. Nilirudi nyumbani na shahada ya rasilimali watu na tabia ya kulifikiria jambo mpaka linachakaa kabla sijalifanya. Kila asubuhi mtaani nilikutana na swali moja: "Umepata?" Hakuna anayemalizia umepata nini, kila mtu anajua ni kazi. Muuza mawese aliniuliza, fundi cherehani aliniuliza, na jirani ambaye mwanawe naye hajapata aliniuliza kwa sauti ya juu kuliko wote. Nikabadilisha njia ya kwenda sokoni. Halafu nikaanza kuwaza kwamba watu wa njia ya zamani wasiponiona watadhani nimepata, na siku nikirudi wataniuliza nimefukuzwa kwa kosa gani. Nikarudi njia ya zamani.

Wimbo wangu ulitoka humo. Mama yangu anauza dagaa, na asubuhi moja nilikuwa ufukweni namsaidia kuwageuza juani. Akapita mama mmoja na kapu lake. "Mwakeye," akatusalimu kwa Kiha, tukaitikia. Kisha akanigeukia mimi. "Umepata?" Nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Ziwa likaendelea kupiga ufukweni, dagaa wakaendelea kuchakacha chini ya mikono ya mama, na yule mama akasubiri, akachoka, akaenda zake. Nilirudi nyumbani na ukimya ule kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nikautengenezea wimbo. Maneno machache, makofi, ngoma moja, na ule mchakacho wa dagaa wakavu. Katikati nauliza "Umepata?" na kila kitu kinanyamaza. Kinanyamaza kwa muda wa kutosha kumfanya msikilizaji aitazame simu yake akidhani imezima. Halafu naendelea kuimba habari nyingine, na swali silijibu.

Nilitaka kuutoa kwa jina langu na kubaki kwenye bendi. Hayo mawili kwa pamoja, katika mji huu, hayaeleweki. Mwanamuziki yupo kwenye bendi au amehama, kama mchezaji wa mpira. Akiimba pembeni, watu wanaanza kumpa pole.

Kwa hiyo niliiandaa vizuri sentensi ya kumwambia kiongozi. "Nataka kutoa wimbo wangu" ilisikika kama madai ya mirathi. "Nataka kuimba peke yangu" ilisikika kama nimefiwa. Mwishoni nikachagua neno ambalo watangazaji wa redio hulitumia kila siku, neno safi lisilo na ugomvi ndani yake. Wimbo wa solo.

Mazoezi yetu hufanyika Rusimbi, mchana, kwenye ua wa nyuma wa kiongozi. Yeye alizaliwa upande wa pili wa ziwa, akavushwa kuja Ujiji akiwa mgongoni kwa mama yake. Sote tunamwita Papaa. Yeye ananiita Msomi, wakati mwingine kwa heshima.

"Shikamoo, Papaa."

"Marahaba, Msomi. Umechelewa."

Sikuwa nimechelewa, lakini kubishana kungenipotezea sentensi yangu. "Papaa, nataka kutoa wimbo wa solo."

Akaacha kukaza nyuzi. "Wa solo?"

"Wa solo."

"Wote?"

"Wote, Papaa. Mwanzo mpaka mwisho."

Nilisimama nikisubiri kufukuzwa. Badala yake Papaa alicheka, kicheko cha mtu aliyeletewa mjukuu. Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Waimbaji wote niliowalea wananiletea maneno marefu kama hotuba ya diwani, gitaa naambiwa nilibane mwishoni. Huyu ndiye wa kwanza kuniletea wimbo wa solo! Mungu akubariki, mwanangu. Studio lini?"

Asiyewahi kukaa na bendi ya dansi anahitaji maelezo hapa. Kwetu solo ni gitaa. Yupo mpiga besi, yupo mpiga rizimu, na yupo mpiga solo, ambaye gitaa lake ndilo linalowatoa watu kwenye viti. Mpiga solo wetu ni Papaa mwenyewe. Nilikuwa nimemtangazia, mbele ya bendi nzima, kwamba nimemtungia wimbo wa gitaa lake. Neno hilo nalisikia kila siku ya mazoezi. Nilikuwa nimelikagua kutoka pande zote isipokuwa upande aliokaa yeye.

Siku hiyo sikujua. Nilimtajia siku ya studio, nikatoka Rusimbi nikijiona nimeushinda mji mzima. Mpiga rizimu, ambaye mdomo wake una kasi kuliko vidole vyake, alinifuata mpaka barabarani.

"Msomi, kwa hiyo unahama?"

"Sihami."

"Unaandaa kuhama."

"Nimekwambia sihami. Natoa wimbo, halafu Jumapili nakuja kuimba kama kawaida."

"Ahaa. Unahama kidogo kidogo."

Nyumbani nilimwambia mama kwamba Papaa amekubali na tena amenibariki. Mama aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Papaa yule? Amekubali uimbe bila yeye?"

"Amefurahi kabisa."

"Ego," alisema mama. Ni ndiyo ya Kiha, ila mama huitumia kwa maana ya tutaona.

Studio ipo Mwanga, chumba kimoja cha uani, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isitoke nje. Mwenye studio ni kijana mpole anayewaita wateja wote sista na braza. Tulikwishaingiza makofi na ngoma, na nilikuwa navaa vipokea sauti masikioni, Papaa alipotokea mlangoni. Alikuwa amevaa shati la kitenge lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Mkononi alibeba gitaa lake ndani ya sanduku, lile sanduku ambalo huwa halitoki isipokuwa kwa harusi za wakubwa.

"Nimebadilisha nyuzi zote," alisema. "Wimbo wa solo haupigwi kwa nyuzi zilizochoka. Nimewaambia na watu wa kwangu wakae tayari kuusikia."

Mwenye studio alinitazama. Mimi nilitazama trei za mayai. Ndipo neno solo lilipogeuka mbele yangu likanionyesha uso wake mwingine.

Nilipaswa kusema palepale. Lakini Papaa alikwishakaa, akachomeka waya, akasema, "Weka, kijana, nisikie," na kijana akaweka. Wimbo ukaanza. Papaa alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole kikipiga paja. Sauti yangu ikafika kwenye swali. "Umepata?" Kila kitu kikanyamaza, na Papaa akaingia.

Alipiga vizuri. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walisema nilimkataa kwa kuwa amezeeka. Alipiga kitu kilichopanda taratibu, kikazunguka, kikashuka kama mtu anayeteremka kutoka milimani akiliona ziwa. Mwenye studio alisahau kufunga mdomo. Mimi nilisikia shingo ikinisisimka. Wimbo ulipokwisha Papaa aliweka kiganja juu ya nyuzi na kuniambia, "Nafasi umeniachia nzuri sana. Umejuaje?"

Watu huniambia nafikiri sana, wanasema kama wanavyosema una homa. Sawa. Kwenye kile kiti nilifikiri sana. Nilifikiri kwamba nikinyamaza kila mtu atafurahi: Papaa atapata wimbo wake, bendi itapata wimbo mpya, mji utaacha kuniuliza kama nahama, na mama hatanitazama na lile jicho la ego. Ni mimi tu ningejua kilichopotea. Na nilikijua vizuri, maana nilikuwa nimekaa na ule ukimya asubuhi nyingi kuliko mtu yeyote. Yule mama wa kapu aliuliza, na hakuna aliyejibu. Gitaa likiingia pale, limenijibia. Tena limenijibia vizuri, kwa furaha, kama vile nimepata. Sijapata.

"Papaa," nilisema, "pale hapana gitaa."

"Pale wapi?"

"Pale ulipoingia. Na kwingine kote. Wimbo hauna gitaa."

Akatabasamu, kama mtu anayengoja utani uishe. "Si umesema wimbo wa solo?"

"Nilimaanisha solo ya redioni. Wa kwangu mwenyewe. Bila bendi."

Chumba kikawa kidogo. Mwenye studio akaanza kupanga nyaya zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

"Wimbo wa solo usio na solo," alisema Papaa polepole. "Hata sebene hauna?"

"Hata sebene."

"Sasa watu watacheza nini?"

"Hawatacheza. Watasikiliza."

"Msomi, wimbo usio na sebene ni tangazo la msiba." Akachomoa waya. "Na pale unaponyamaza, unataka watu wafanye nini? Wahesabu nzi?"

"Wajisikie vibaya kidogo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi najisikia vibaya, Papaa, kila siku, na wao ndio wanaouliza."

Sijui sauti yangu ilikuwaje. Papaa alilaza gitaa kwenye sanduku, akafunga kufuli moja, kisha la pili. "Nimevaa hivi," alisema, akijitazama shati, "nimepita barabara nzima ya Mwanga watu wakinisalimu, kuja kusikiliza mtu akinyamaza." Akasimama. "Chagua. Bendi au hicho."

Nilijua jibu ambalo mtu mwenye adabu hutoa: samahani Papaa, tutazungumza. Nililitafuta mdomoni. Nililolikuta ni jingine.

"Sichagui."

"Hakuna aliyewahi kufanya yote mawili."

"Ndiyo maana huna la kunikataza nalo."

Akatoka. Mwenye studio alisubiri mpaka hatua zikaisha uani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, lile gitaa nimelirekodi. Nilifute, au nilitunze?"

"Futa."

"Ni zuri."

"Najua ni zuri. Futa."

Akalifuta, na wiki ile ile wimbo ukatoka. Ukatoka jinsi nyimbo zinavyotoka huku, kutoka simu hadi simu, kwenye makundi ya ndugu, kwenye bandari ndogo ambako vijana hurushiana nyimbo wakisubiri boti. Papaa hakunipigia. Mpiga rizimu alinitumia ujumbe wa sauti akicheka tu, kisha mwingine: "Msomi, nimeusikia. Simu yangu nimeipeleka kwa fundi."

Jumapili bendi ilikuwa na harusi Mwamgongo, kule mbele ya Gombe. Sikuambiwa nije, na sikuambiwa nisije. Usiku kucha nililigeuza hilo. Nikienda na nikafukuzwa ufukweni mbele ya watu, nitakuwa kichekesho. Nisipoenda nitakuwa nimehama, na nitakuwa nimehama kwa miguu yangu mwenyewe, bila mtu kunisukuma. Hilo la pili lilinichukiza zaidi. Asubuhi nikavaa sare ya bendi.

Kibirizi walikuwa wanapakia spika. Papaa alikuwa amekaa mbele kwenye boti, sanduku la gitaa katikati ya magoti.

"Shikamoo, Papaa."

"Marahaba."

"Nikae wapi?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si una bendi yako?"

"Bendi yangu ni hii."

"Na ile nyingine?"

"Ile ni mimi."

Mpiga besi, ambaye huwa hasemi, alisogea akanipisha nafasi juu ya gunia. Papaa alitazama maji. Hakusema kaa, hakusema shuka. Nikakaa. Tulipita vilima vya Gombe na hakuna aliyeniambia neno, na mimi nikiwa nimeyashika magoti nikijiambia kwamba ukimya ndio kitu ninachokiimba, basi niuvumilie.

Harusi ilikuwa juu ya ufukwe, turubai limefungwa kwenye nyumba mbili, jenereta linanguruma nyuma. Tulipiga nyimbo za bendi, nikaimba sauti ya pili kwa nguvu zote, kwa sababu sikutaka mtu aseme nimepunguza. Kisha shangazi wa bwana harusi akasogea mbele, amefungua simu yake.

"Tunaomba ule wa umepata! Yule binti si ndiye huyo?"

Kwenye harusi, upande wa bwana harusi ukiomba wimbo, bendi inaupiga. Ni desturi, na Papaa ni mtu wa desturi. Alinisogelea, mkono ukiwa umefunika kipaza sauti.

"Imba. Lakini kwenye bendi yangu gitaa halinyamazi."

Nikaanza. Wanawake wakapiga makofi bila kuelekezwa. Nikafika kwenye swali, nikauliza, nikanyamaza. Papaa akaingia na gitaa, lile lile la Mwanga, zuri vilevile, na watu wakaanza kunyanyuka.

Nikainua mkono. "Samahanini," nilisema kwenye kipaza sauti. "Tunaanza upya."

Sijawahi kuona mtu akimsimamisha Papaa. Wala mpiga rizimu hajawahi, niliona kwenye macho yake. Nikaanza upya, nimegeuka, nimewapa watu ubavu na uso nimempa yeye. Nilipokaribia swali niliona vidole vyake vimekwisha kukaa kwenye nyuzi. Niliuliza. Nikamtazama. Nilikuwa tayari kuanza tena, na tena, mpaka pilau ipoe, na nadhani aliliona hilo.

Akainua mkono kutoka kwenye gitaa.

Ukimya ukaingia chini ya turubai. Watu waliokuwa wamesimama wakabaki wamesimama, hawajui miguu yao waipeleke wapi. Baba wa bwana harusi akapaza sauti, "Jenereta! Nani yuko kwenye jenereta?" na watu wawili wakakimbia nyuma kuliangalia, wakati linanguruma na kila mtu analisikia. Kuna waliocheka. Shangazi aliyeuomba wimbo hakucheka. Alikuwa ameshusha simu, ananitazama kama mtu aliyekumbuka alichowahi kumuuliza mtu fulani. Nikamalizia wimbo. Makofi yalikuwa ya hapa na pale. Sitayaongeza kwa ajili ya kuandika.

Papaa akachukua kipaza sauti. "Huo ulikuwa wimbo wa Msomi wetu," aliwaambia. "Sasa turudi kwenye muziki."

Walicheka sana. Nikachukua changu. "Na mimi nitauimba na huo muziki wake," nilisema, "sauti ya pili, kama kawaida." Wakacheka na hapo, naye akaanza sebene la kulipiza, la haraka kuliko tulivyozoea, akitaka kuniacha nyuma. Hakuniacha.

Mpaka leo anawaambia watu wa Rusimbi kwamba nilimdanganya kwa neno. Sikumdanganya, nimemwambia hivyo usoni, na yeye amenijibu kwamba wasomi wote wanasema hivyo. Hajaniambia niondoke. Mtaani wanaendelea kuniuliza kama nimehama, na wengine wanauliza kama nimepata, na sasa baadhi wanaanza kuuliza, wanakumbuka wimbo, wanaishia katikati.

Wa pili nimekwisha kuuandika. Huo unataka gitaa, gitaa la solo, na nilimwomba Papaa kwa maneno hayo kamili, nikiwa nimesimama wima. Alisema atafikiria. Nilimwambia afikirie vizuri, ila siku ya kurekodi imekwishapangwa, na mwenye studio anafahamiana na wapiga gitaa wengine.

Jumapili tunapiga Ujiji. Nitaimba nyimbo zote za bendi upande wa kushoto, na katikati nitauimba wangu, ule wa umepata. Hajasema ndiyo. Sikumuuliza.